Shangazi, karanga zangu zimefungwa kwa mwandiko wa mama

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Shangani hapa Mtwara mjini. Nakuandikia kuhusu vitabu vya mapishi. Najua wapo watakaocheka kwamba mtu mzima anakosa usingizi kwa ajili ya vitabu. Wacheke, mimi silali.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa sayansi kimu. Alifundisha miaka 31, mingi hapa Mtwara na michache Lindi, na kila alikokwenda alirudi na kitabu cha mapishi. Vingine alinunua Dar kwa wauza vitabu vya mitumba, vingine alipewa na wageni waliokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao. Vitatu ni vya Kifini, alivipata kwa mama mmoja wa ule mradi wa maendeleo ya vijijini, RIPS, ambao Wafini waliuendesha huku kwetu Lindi na Mtwara. Kimoja ni cha babu. Babu mzaa mama alikuwa mpishi wa Waingereza kule Nachingwea wakati wa mradi wa karanga, na mradi ulipokufa bwana wake alimwachia kitabu na saa ya mezani. Saa ilishakufa zamani. Vyote kwa pamoja nilihesabu 83, ukiacha madaftari yake ya shule na vipande vya magazeti alivyobandika kwa gundi ya unga wa ngano.

Mwaka jana macho ya mama yalianza kufifia. Siku nilipomkuta anamimina chai nje ya kikombe, nikamtoa Mikindani nikamleta kwangu. Nyumba ya Mikindani mdogo wangu wa kiume ameipatia mpangaji, kodi ya miezi 6 mkononi, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa cha vitabu. Basi vitabu vikahamia kwangu, vikakaa kwenye korido. Mume wangu ni mtu mpole, lakini amejikwaa mara mbili usiku akienda msalani, na mara ya pili alitamka maneno ambayo sikujua kama anayajua.

Tukafanya kikao cha simu. Mdogo wangu wa kike aliye Dodoma akasema, "Dada, siku hizi mapishi yote yapo kwenye simu, hivyo vinafuga mende tu." Mdogo wangu wa kiume akasema viuzwe kwa kilo. Mimi nikaomba wasubiri. Kumbe maboksi yalikuwa 7, na kwangu yalifika 6.

Sasa sikiliza, Shangazi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mikindani nasubiri usafiri wa kurudi mjini, nikanunua karanga za kukaanga za shilingi 500. Zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Nimekula nusu nikaona wino mwekundu. Nikazimimina zilizobaki kwenye mkoba, nikaikunjua ile karatasi. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha babu, naujua kwa rangi yake ya chai. Jemu ya plamu, kwa Kiingereza. Pembeni, kwa ule mwandiko wa mama wa kusahihishia madaftari: "Bibo badala yake. Chemsha na chumvi, mwaga maji ya kwanza. Sukari ratili kwa ratili imezidi, punguza robo." Chini yake amejipa maksi, 8/10.

Nilimrudia yule kijana. Akaniambia aliuziwa boksi zima na limeshakwenda nusu. Nusu iliyobaki nimeinunua kwa 5,000. Kitabu cha babu kimebaki jalada na kurasa kama 40. Mama sijamwambia. Mdogo wangu wa kiume naye sijamwambia kwamba najua.

Nifanyeje? Mimi si mpishi wa vitabu, napika kwa macho na mkono. Vingine hata sijui vinasema nini. Nikivitoa naona kama namtoa mama. Nikivibakiza, nyumba hainitoshi na mume atavunjika mguu. Na huyu mdogo wangu nimfanyeje?

Binti wa Mwalimu, Shangani, Mtwara

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za karanga, kama atakavyosoma kila mtu. Mara ya pili nilimtafuta mama yako. Mumeo yumo na kidole chake cha mguu, mdogo wako wa Dodoma yumo na simu yake, mpangaji yumo, hadi muuza karanga amepewa nafasi ya kujieleza. Mama yako anaonekana mwanzoni akimimina chai nje ya kikombe, halafu anapotea. Kwenye kile kikao alikuwa wapi? Nahisi alikuwa hapo hapo barazani kwako, anasikia kila kitu, huku ninyi mnagawana mirathi ya mtu aliye hai.

Sisemi mmefanya kwa ubaya. Mzazi akianza kutoona, watoto huanza kunong'ona, utadhani masikio nayo yamekwenda. Lakini vitabu ni vyake. Wewe unaniuliza uvitunze au uvitoe, na mimi sina la kukujibu hapo mpaka mwenyewe aulizwe.

Na namna ya kumuuliza ni kazi. Usimwambie, "Mama, vile vitabu tuvitoe?" Mzee anayekaa kwa mkwewe atakujibu "fanyeni mnavyoona," kwa sababu anajua korido si yake na amesikia mkwewe akijikwaa. Hilo si jibu, ni adabu. Wewe chukua kitabu kimoja jioni baada ya alasiri, nyumba ikiwa imetulia, umwekee mapajani. Aupapase mgongo wake. Mtajie kilichoandikwa kwenye jalada, fungua palipo na wino mwekundu, umsomee alichoandika yeye mwenyewe. Kisha nyamaza. Vitatu kwa siku vinatosha. Ukizidisha itageuka kuwa ukaguzi wa ghala. Atakavyovizungumzia utajua kipi kinabaki. Nami sitashangaa akiviachia vingi kuliko unavyodhani, maana mwalimu anajua kitabu alichofundishia na kitabu alichokiweka rafuni kwa ajili ya picha.

Kabla hujaanza hilo, yapo macho. Umeandika yamefifia kama mtu anayesema jua limekuchwa. Je, yamepimwa? Kwa umri wake inaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo huondolewa kwa upasuaji: lenzi iliyopata ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Inaweza pia kuwa presha ya macho, ambayo kilichokwisha kupotea hakirudi, ila dawa huzuia kisiendelee kupotea kingine. Tofauti hiyo ataijua daktari. Anzia Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, wiki hii, kabla ya habari yoyote ya vitabu. Itakuwa aibu kubwa mama afungue macho mwezi wa kumi na moja aulize, "Vitabu vyangu viko wapi?"

Sasa nije kwa mdogo wako wa Dodoma, kwa sababu ana hoja. Biriani ipo kwenye simu, na keki ipo, tena na mtu anakuonyesha kwa mikono. Mimi mwenyewe nilipohama Lindi niligawa maboksi mawili ya vitabu vya mapishi na sijavilia. Nakikumbuka kimoja tu, ambacho sikuwahi kupikia hata chai. Nilikipenda kwa picha ya samaki kwenye jalada. Kwa hiyo atakayekwambia vyenye madoa ya mafuta ndivyo vya thamani na visafi ni takataka, mwambie si lazima iwe hivyo. Kitabu cha mapishi si msahafu, lakini hata sababu za kukipenda si za jikoni peke yake.

Ila simu haitakupa ile karatasi ya karanga. Hebu itazame tena. Mwingereza ameandika plamu, tunda ambalo Nachingwea halikuwapo. Mama yako amelitazama bibo linalooza chini ya kila mkorosho wa mkoa huu, maana wengi tunachukua korosho na bibo tunaliacha, au tunalikamulia uraka, ile pombe yake. Bibo lina ukakasi unaokamata ulimi. Yeye amejua kwamba kulichemsha kwenye maji ya chumvi na kuyamwaga maji hayo kunapunguza ukakasi. Halafu amekutana na kanuni ya kale ya Waingereza ya sukari uzito sawa na tunda, akaona imezidi, akapunguza robo. Hiyo ni kazi ya misimu mitatu minne ya sufuria zilizoharibika, na imeandikwa kwa mistari mitatu. Mkorosho unazaa mara moja kwa mwaka, mwanangu. Ukikosea Novemba hii, unasubiri Novemba nyingine.

Kwa hiyo chekeche la kuchambulia ni huo wino mwekundu. Pitia maboksi yote 6 na ile nusu uliyonunua, kurasa kwa kurasa, na penye mwandiko wake weka kipande cha uzi. Usichane ukurasa, kwa sababu maandishi ya pembeni bila mapishi yaliyo katikati hayaeleweki: "punguza robo" ya nini? Tazama hasa mapishi ya kuoka. Vitabu vya zamani vya Uingereza vinataja moto kwa Farenhaiti na oveni ambayo shule nyingi za huku hazikuwa nayo. Mwalimu wa sayansi kimu aliyefundisha kwa jiko la mkaa lazima aligeuza 350 kuwa makaa: kiasi gani chini ya sufuria, kiasi gani yapaliwe juu ya kifuniko, na yaguswe lini. Kama ameandika hayo popote, hapo pana mali. Na madaftari ya shule umeyataja kwa nusu sentensi kana kwamba ni ya kufungashia. Hayo ndiyo ningeanza nayo mimi. Miaka 31 ya mtu anayepima.

Vile vitatu vya Kifini usivitoe kabla ya kutafuta neno moja: pulla. Ni mkate wao mtamu wa kusuka, na kinachoupa harufu ni iliki, hii hii ya maandazi yetu. Vipimo utaviona vimeandikwa dl, yaani desilita, ambayo ni mililita 100. Sidhani kama mama yako alikaa na mama wa Kifini bila wao wawili kukutana kwenye iliki. Muulize. Lugha hukuijua wewe. Yeye huenda aliisoma kwa pua.

Vitakavyobaki bila mwandiko na bila kisa, ambavyo mama mwenyewe atasema viende, viende kwa heshima. Kuuza usitegemee. Hapa kwetu hakuna soko la vitabu vya mapishi vilivyotumika, na ukivipakia basi kwenda Dar, nauli ya boksi itakula bei yake. Uliza chuo cha ufundi cha VETA hapo Mtwara kama walimu wa upishi wanavihitaji, au maktaba ya mkoa, au mwalimu yeyote aliyefundishwa na mama yako ambaye bado yuko darasani. Nadhani wapo wengi kuliko unavyojua. Kila kitakachotoka kibandikwe karatasi ndani ya jalada yenye vipimo: wakia 1 ni gramu 28, ratili 1 ni gramu 454, Farenhaiti 350 ni kama Selisiasi 180. Na painti ya Mwingereza ni mililita 568 wakati ya Mmarekani ni 473, kwa hiyo mtu aangalie kitabu kimechapwa wapi kabla hajamimina maziwa. Karatasi hiyo mama aitamke, mwanao mkubwa aiandike. Usiiandike wewe, una mengi.

Kuhusu korido. Shangani na Mikindani kote ni pwani, hewa ina unyevu na chumvi, na boksi la karatasi lililolala sakafuni likiegemea ukuta ni karamu ya mchwa. Hata leo usiku yainue, matofali manne na ubao, yakae mbali na ukuta upana wa kiganja. Usivifunge kwenye nailoni kwa kudhani unavilinda. Unyevu ukifungiwa ndani huota ukungu. Vyenye ukungu vipanguse nje kwa brashi kavu, vikauke kivulini penye upepo, si kwenye jua la saa saba. Vitakavyobaki mwisho wa yote, nakisia, vitaingia kwenye kabati moja, na mumeo atapita salama.

Limebaki la mdogo wako wa kiume. Umeninyamazia jambo hapa: una hasira naye, na unaitunza ile karatasi kama kielelezo cha mahakamani. Usimtolee mbele ya watu. Yeye hakuuza mwandiko wa mama, aliuza kilo za karatasi. Vitabu hivyo vilikuwa vya "mambo ya kike," na nathubutu kusema katika nyumba yenu hakuna aliyewahi kumfungulia hata kimoja amwonyeshe. Hilo halimtoi kwenye kosa. Uliomba wasubiri, yeye hakusubiri, akaficha. Mpigie ukiwa peke yako, mwambie, "Najua boksi la saba lilikwenda wapi, na mama atajua kutoka kwako." Mpe mpaka Ijumaa. Aje mwenyewe Shangani, akae chini, aseme. Na hicho kitabu cha babu, jalada na kurasa 40, usimpelekee mama wewe. Alete yeye mkononi.

Unaogopa mama ataumia, na ataumia. Lakini kumbuka ni binti wa mpishi wa Nachingwea. Waingereza walianza mradi ule 1947, wakang'oa visiki na miti wakitafuta karanga, mwaka 1951 wakaufuta mradi, na karanga zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Sasa kitabu walichomwachia baba yake kimeishia kufungia karanga stendi ya Mikindani. Mama yako, kama ndiye huyu anayejipa 8/10 pembeni ya jemu yake mwenyewe, huenda akacheka kabla hajakasirika. Mwacheni acheke, kisha mwacheni akasirike.

Yule kijana wa karanga hana kosa, ila ukipita tena mwambie atafute karatasi safi. Karatasi yenye wino haifai kushika chakula, hasa chenye mafuta. Na mwombe, akikutana na ukurasa mwingine wenye mwandiko mwekundu, akuwekee. Kila ukurasa shilingi 200, atafurahi.

Jambo langu la mwisho ni la ubinafsi. Zile maksi mbili zilizopungua kwenye 8/10, mama alizikata kwa nini? Jemu haikuganda, au ukakasi ulibaki? Muulize, kisha uniandikie. Mabibo yanakaribia kuanguka na sukari ninayo ndani.

Shangazi